Mashine Ilisema Arero Yu Salama

Nairobi,
6 Machi 1984

Mzee Isacko,

Ni mimi Kathambi, binti wa Kiugu yule karani wa ofisi ya mifugo. Nadhani hujanisahau, maana nilifanyia hesabu zangu za shule kwenye benchi lako nje ya posta na wino wako nikaumaliza. Baba anakusalimu sana.

Nakuandikia kwa jambo zito. Unakumbuka kaka yangu Ntongai, mwalimu wa Oldonyiro, alivyojitoa uhai mwaka wa sabini na tisa. Barua zake tatu za mwisho tulizisoma kwa sauti sebuleni, na pale alipoandika kwamba amechoka, Mama alicheka akasema, mvivu huyu. Hatukuona kitu. Mimi sijajisamehe mpaka leo.

Sasa nafanya kazi chuoni na Daktari Kaimenyi. Ana kompyuta, mashine inayojaza chumba kizima. Barua za watu tunaziingiza kwenye kadi ngumu zenye matundu, nayo inahesabu maneno: mara ngapi mtu ametaja kifo, mzigo, upweke, na mara ngapi ametaja kesho. Mwishowe inatoa alama. Alama ikipita kumi, mwenye barua yuko hatarini na inabidi atafutwe upesi. Kama ingekuwako mwaka ule, Ntongai angekuwa hai. Hivyo ndivyo ninavyoamini.

Tunataka barua za wafugaji waliomalizwa na ukame huu. Wewe ndiye unayewaandikia, na najua unabaki na nakala za kaboni. Waulize wenyewe kwanza. Wakikubali, nitumie.

Binti yako,
Kathambi Kiugu


Isiolo,
19 Machi 1984

Binti yangu Kathambi,

Salamu nyingi kwako na kwa Kiugu. Mimi ni mzima. Na kama mashine yako inataka kuhesabu, basi hilo neno "mzima" nimeliandika mara elfu ishirini tangu nianze kazi hii, hata kwa watu waliobebwa mpaka kwenye benchi langu.

Nimewauliza. Wengi wamesema kama wakubwa wa Nairobi wanataka kusoma salamu zetu, wasome, labda watajua kwamba tuko. Nakutumia nakala arobaini na moja. Ila ujue namna ninavyofanya kazi. Mtu anakaa, anasema kwa Kiborana, mimi napiga taipu kwa Kiswahili kwa sababu vijana wao huko waliko wamesomea Kiswahili. Halafu namsomea tena kwa Kiborana, anaweka kidole gumba, tunafunga bahasha.

Humo utamkuta Batula muuza maziwa, anayemwandikia kaka yake. Ulimi wake utauona mwenyewe. Utamkuta pia rafiki yangu Arero Tadicha. Alikuwa na ng'ombe mia mbili kule Gotu. Sasa yuko kambi ya chakula Ngaremara, na ng'ombe mmoja. Kijana wake Hirbo anapakua magunia bandarini Mombasa, na kila mwezi Arero anatembea mpaka mjini ili nimwandikie.

Jambo moja zaidi. Usije ukamwuliza mtu wa huku kama anataka kujiua. Ni haramu hata kutajwa. Atainuka aondoke, na hatarudi tena.

Wako,
Isacko Guyo, mwandishi wa barua


Nairobi,
20 Aprili 1984

Mzee Isacko,

Asante sana. Mashine imesoma zote. Watu wako wamenishangaza, wana moyo mkubwa. Mzee Arero amepata nne tu.

Lakini mmoja yuko hatarini kweli kweli. Batula amepata thelathini na moja. Hatujawahi kuona alama kama hiyo. Ameandika: "Nimechoka, nimebaki peke yangu, kufa ni afadhali, njooni mnizike." Mzee, haya ni maneno ya Ntongai! Daktari Kaimenyi amepiga simu siku hiyo hiyo kwa afisa mmoja wa huko ili mama huyo asaidiwe.

Nimeambatisha orodha ya maneno yetu. Upande wa kushoto ni yale yanayoongeza alama, kulia ni yale yanayopunguza. Ibandike pale unapofanyia kazi, ili mtu akiyasema mbele yako uwe macho.

Kathambi


Isiolo,
11 Mei 1984

Kathambi,

Msaada wenu umefika. Ulikuja kwa Land Rover ya serikali, muuguzi mmoja na askari wa utawala wawili. Walisimama katikati ya soko, mbele ya madebe ya maziwa, na muuguzi akauliza kwa sauti ya kuita watu kwenye sensa, "Mama, ni wewe unataka kujiua?"

Batula amekuwa akifa tangu nilipomjua. Akikosa sukari anakufa. Kaka yake akichelewa kujibu, anazikwa. Ndivyo anavyomfanya kaka aandike haraka, na kaka anajua, na mimi najua, na soko zima linajua. Mashine yako tu ndiyo haikujua. Ungeniuliza mimi ningekuambia kwa mstari mmoja!

Sasa sikiliza matunda. Binti yake Maryan alikuwa ameposwa. Wazee wa bwana harusi wamerudi wakasema hawataki kuoa nyumba ambayo serikali inailinda isijiue. Batula alikuja hapa posta, akanimwagia maziwa juu ya taipu. Maziwa, mwaka huu! Ndiyo ujue hasira yake. Kompyuta yenu itakuwa na jina gani kwa hilo?

Watu wananiuliza kama ni mimi niliyempeleka kwa serikali. Nimewaambia hapana. Nimesema uongo.

Isacko Guyo


Nairobi,
28 Mei 1984

Mzee wangu,

Sina la kujitetea. Niombee msamaha kwa Mama Batula, na kwa Maryan. Nililia niliposoma barua yako, kisha nikampelekea Daktari Kaimenyi, naye akasema heri kukosea kwa mama aliye hai kuliko kupatia kwa maiti. Nilitaka kubisha nikaacha, kwa sababu Ntongai ni maiti.

Tafadhali usituache. Nakuahidi hakuna gari litakalotumwa tena bila kukuuliza wewe kwanza. Nitumie barua za miezi hii.

Kathambi


Isiolo,
25 Julai 1984

Binti Kathambi,

Nimekusamehe, kwa kuwa mtoto akinyea mkono haukatwi. Hizi hapa barua thelathini. Nadhani safari hii hamtahitaji petroli.

Habari za huku ni vumbi. Mvua ya Aprili haikunyesha, na wale waliokuwa na mbuzi kumi wana mbuzi wawili. Rafiki yangu Arero alimchinja ng'ombe wake wa mwisho mwezi uliopita. Alikuja jana nikamwandikia barua ya Hirbo, unayo hapo, ya juu kabisa. Tulipomaliza akanipa fimbo yake. Nilikataa, akaiegemeza mezani akaondoka. Mgongo wake bado umenyooka kama wa kijana.

Batula sasa anaandikiwa barua na mvulana wa shule.

Isacko Guyo


Nairobi,
17 Agosti 1984

Mzee Isacko,

Habari njema, na tunazihitaji. Barua zote thelathini ziko chini ya tano. Daktari Kaimenyi anatembea kwenye ukumbi akipiga mluzi. Anasema hii inaonyesha kwamba msaada wa chakula umewatuliza watu, na ataliandika hilo kwenye ripoti yake.

Nikuambie ukweli, ile habari ya fimbo ilinishtua. Nimekulia Isiolo, najua mzee wa Kiborana hatoi fimbo yake. Ntongai pia aligawa vitabu vyake. Nilikaa nikaanza kumwandikia Hirbo, nikamwambia, njoo umwone baba yako. Halafu nikasema ngoja, nimwulize Daktari kwanza. Akanionyesha karatasi ya mashine: Arero Tadicha, sifuri. Hakuna barua iliyo salama kuliko yake katika zote tulizosoma tangu mwanzo. "Fimbo haiingii kwenye kadi," akasema, tukacheka. Ile barua ya Hirbo nimeichana.

Msalimie Mzee Arero. Mwambie ana moyo wa simba.

Kathambi


Isiolo,
11 Septemba 1984

Kathambi,

Arero amekufa. Ni Jumamosi iliyopita, siku ya pili baada ya Iddi ya kuchinja. Amejiua. Sikuandikii alivyofanya.

Kambini tumesema ni jua limemwua, na sheikh amemswalia bila kuuliza sana. Tulimzika kabla ya saa kumi. Hirbo amepelekewa simu ya maandishi, hakuwahi.

Isacko


Nairobi,
20 Septemba 1984

Mzee Isacko,

Pole. Pole wewe, pole Hirbo.

Nimeisoma barua yake mara nyingi sana, nimeishika kwapani kwenye basi, nimelala nayo. Hii hapa, uniambie wewe nilikosea wapi:

"Mwanangu Hirbo, mimi ni mzima na hapa kambini tunatunzwa vizuri. Ng'ombe ni mali ya Mungu, hutoa na hutwaa. Kesho ni njema Inshallah, mvua itakuja na tutaanza upya pamoja. Usijisumbue kusafiri, shika kazi yako. Baada ya Iddi ukipata nafasi tutaonana kwa furaha. Baba yako akupendaye, Arero."

Kifo kiko wapi hapa? Upweke uko wapi? Nimetafuta kama mtu anayetafuta sindano. Mtu anawezaje kuandika "tutaanza upya pamoja" kisha afanye vile? Au sisi hatujui watu kabisa?

Daktari Kaimenyi anasema kwa kuwa kambi imeandika kwamba ni jua, basi ni jua. Barua ya Arero inaondolewa kwenye hesabu. Ripoti itasema mashine haikukosa hata mtu mmoja. Nilimwambia ni uongo, akaniuliza kama nina karatasi nyingine kutoka kwa tabibu. Sina.

Wewe ulikaa naye uso kwa uso. Niambie alivyokuwa.

Kathambi


Isiolo,
2 Oktoba 1984

Kathambi,

Kifo hakimo ndani ya barua hiyo kwa sababu nilikitoa mimi.

Hakuna neno hata moja la Arero pale, ila jina lake na la kijana wake. Alikaa kwenye benchi akasema mambo ambayo katika miaka ishirini na mbili sijawahi kuambiwa, na mimi vidole vikaandika mengine. Orodha yako ilikuwa imebandikwa mbele yangu, kama ulivyoniagiza. Kila aliposema neno la kushoto, nikapiga la kulia. Thelathini zote nilizifanya hivyo. Nilifikiri, hakuna mwingine wa kwetu atakayesimamishwa sokoni na askari. Nilijiona mjanja sana. Nilikuwa nawachezea watu wa Nairobi, na wewe ukaniandikia kwamba Daktari anapiga mluzi, nikacheka peke yangu hapa.

Nisikulaumu wewe kwa yote. Hata kabla ya mashine yako nilikuwa nasafisha. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Kwetu kilio hakitumwi kwa karatasi, anatumwa mtu kwa miguu, aketi, anywe chai, ndipo aseme. Barua inabeba salamu. Mtu akilia mbele yangu namwandikia "hali si mbaya", na aliyeko mbali anajua kupunguza. Lakini hapo zamani nilikuwa napaka sukari kidogo tu. Kwa Arero nilimwaga gunia zima. Na nilitakiwa kutuma mtu kwa miguu, na mtu huyo ni mimi, na basi la Mombasa linapita hapa karibu. Sikwenda. Nilisema, Arero ni mwanamume, yatapita.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi ya mtu mwingine, na aliyeumbuliwa ni yeye.

Tena nikuambie na lako, ili tusiachiane deni la maneno. Ulishtuka. Ulikuwa umeshika kalamu. Ulijua zaidi ya mashine, na zaidi yangu niliyekuwa nimeishika fimbo yenyewe mkononi, kisha ukaenda kuuliza ruhusa. Kaka yako mlimcheka kwa sababu hamkujua. Safari hii ulijua.

Usiniandikie tena kuhusu kompyuta. Nimechana nakala zote.

Isacko Guyo


Mombasa,
4 Novemba 1984

Mzee Isacko,

Salaam aleikum. Mimi Hirbo wa Arero. Kiswahili changu ni cha bandarini, utanisamehe.

Kuna dada alikuja hapa, jina Kathambi. Alinitafuta siku tatu kwa magodauni. Nilidhani ni mtu wa serikali. Akakaa chini kwa magunia na nguo zake nzuri, akanipa barua uliyomwandikia yeye. Akasema, "Hii ni yako kuliko yangu." Nilisoma pale pale. Yeye alilia sana. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira. Akasema ameacha ile kazi. Nikamwambia hiyo inanisaidia nini. Akasema, hakuna.

Mzee, barua yako ya Julai nilikuwa nayo mfukoni kila siku. Niliwasomea wenzangu. Nilikuwa nimepata ruhusa ya siku nne kabla ya Iddi, karani alikuwa ameshaandika jina langu. Halafu barua ikasema nisijisumbue, baba yuko sawa, nikampa mwenzangu ile ruhusa. Nilikuwa nakuja baada. Nilikuwa nimemnunulia shuka.

Wewe ulikuwa unakula kwetu Gotu. Mama yangu alikuwa anakukamulia wewe kwanza kabla ya abba, baba mwenyewe. Sitaki uniombe msamaha, ubaki nao tu. Nataka kitu kimoja. Niandikie alichosema. Usipunguze, usiongeze. Kama alinitukana, andika tusi.

Hirbo Arero


Isiolo,
15 Novemba 1984

Hirbo mwana wa Arero,

Aleikum salaam. Siombi msamaha kwa kuwa umekataza. Nakuandikia aliyoyasema tarehe 24 Julai, kama ninavyoyasikia kila siku tangu hapo. Hakukutukana.

Alisema: "Hirbo, yule ng'ombe mwekundu wa mama yako nimemchinja mwenyewe, alikuwa hawezi kusimama. Sasa sina kitu chenye pumzi. Wakati ule wa vita, askari walipomaliza mifugo yetu, nilichoma makaa, nikanunua mbuzi, mbuzi wakaleta ng'ombe. Nilikuwa na mikono. Sasa mikono haishiki shoka.

"Nilikwenda kwa watu wa ukoo kuomba ng'ombe wa kuanzia, kama tunavyopeana. Hakuna aliyenikatalia. Walinitazama tu, hawana hata wao. Hilo liliniumiza kuliko kukataliwa.

"Hapa tunapanga mstari, kijana ananiandika namba mkononi kwa wino, napewa mahindi ya njano. Juzi mama mmoja mjamzito alinipisha mbele. Mimi, niliyekuwa nawapisha watu kisimani. Nilichukua yale mahindi nikashindwa kuyala.

"Iddi inakuja na sina cha kuchinja. Mchana kutwa nafikiria jambo moja, kuondoka katika dunia hii kwa mkono wangu. Najua ni haramu. Simwambii sheikh, simwambii mtu wa kambi. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ni wangu, na Isacko anasikia kwa sababu ndiye mkono wangu. Jambo hili linanijia kila nikikaa peke yangu. Mtu akiwa karibu halinijii.

"Kwa hiyo njoo. Usilete nguo wala chakula. Njoo uketi nami hata siku mbili, tuongee juu ya ng'ombe waliokufa, kila mmoja na jina lake, maana hapa hakuna anayewajua. Ukija, nafikiri litapita. Nitakungoja mpaka Iddi."

Hapo akafuta macho, akasema, "Nisomee nisikie."

Nikaiinua karatasi, nikamsomea kwa Kiborana. Nilimsomea aliyoyasema yeye, sikumsomea niliyoyaandika mimi. Hakujua, Kiswahili hakusoma. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Umeyaandika yote?"

Nikamwambia, "Yote, Arero."

Akaweka kidole. Akanishukuru, akaenda zake kukungoja.

Isacko Guyo